Dakika ya Kuhesabu Pumzi

Jumanne, tarehe 22 Julai 2025. Manyunyu ya baridi yalianza alfajiri, na vichochoro vya mtaa wa mabanda wa Laini Saba vilikuwa tope tupu.

Nekoye, mwanafunzi wa masomo ya jioni aliyekaribia miaka hamsini, alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kimoyomoyo, kisha akaanza kuhesabu pumzi za mtoto, mama wa mtoto akitazama. Huo ndio uliokuwa utafiti wake: kuhesabu pumzi za watoto wenye kikohozi. Daktari aliyemsimamia alikuwa mlangoni, pamoja na majirani waliokuja kuchungulia.

Kabla dakika haijaisha, Nekoye aliacha kuhesabu. Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu zake ilibonyea ndani, shimo la kutosha kidole.

"Mama, twende hospitali sasa hivi."

"Siendi." Mama alimnyakua mtoto. "Wa kwanza nilimpeleka akihema hivi hivi. Nilirudi na leso tupu mgongoni."

"Wewe nawe! Si umbebe muende!" jirani mmoja alifoka.

"Nyamaza, si wako!" Mama akamgeukia Nekoye. "Dada, nimekuona ukiomba. Niapie kwa Mungu kwamba huyu atarudi, ndipo twende."

Daktari alimtikisia Nekoye kichwa, asiape.

Nekoye alifumba macho. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini angeapaje kwa Mungu juu ya jambo asilolijua?

Alivua koti lake, akamfunika mtoto.

"Hilo siwezi kuapa," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ila mbele ya hawa majirani zako nakuahidi: safari hii hutaingia huko peke yako, na hutatoka peke yako; nitakuwa nawe, liwe liwalo."