Ufa Ukingoni

Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini uliufuata ukingo wa shimo kutoka kona hadi kona. Paulina alipouona, aliweka ndoo chini.

Ndani ya shimo, kwenye kina cha mtu na nusu, baba mkwe wake alikuwa aking'oa mawe ukutani kwa sururu, yasije yakatoboa turubai litakalotandikwa humo. Bwawa hilo la maji ya mvua, nyuma ya nyumba yao Miyuji, walikuwa wamelichimba kwa wiki tatu.

"Baba, toka."

"Mwanangu, nimechimba visima Kongwa kabla hujazaliwa. Ukuta huu umesimama."

Mchanga ulichuruzika kutoka juu, ukamwangukia mzee begani. Hakuuhisi. Tangu aolewe, Paulina hakuwahi kumpandishia sauti. Alizunguka hadi upande wa pili, akavua kandambili, akakanyaga ngazi.

"Usipotoka, nashuka kukubeba!"

Mzee akaguna, akatupa sururu, akapanda huku akiwanung'unikia wakamwana wa siku hizi. Alikuwa bado anakung'uta suruali ukuta ulipoporomoka wote kwa mkupuo, ukafunika sururu na pale alipokuwa amesimama.

Vumbi likatulia. Paulina akachukua jembe, akarudi hatua mbili kutoka ukingoni, akachora mstari mrefu.

"Kuanzia hapa tunakata ukuta kwa mteremko, Baba. Hata ikichukua mwezi."

Mzee aliutazama mstari, kisha shimo.

"Hatua mbili hazitoshi," alisema. "Weka tatu."