Ziwa Lenye Pembe Nne

Ziwa lilikuwa na pembe nne.

Jicho alilikuza kwenye skrini mpaka likawa vipande vipande vya buluu, akalirudisha, akalikuza tena. Pembe zilikuwa pale pale.

Wenzake ofisini walimpachika jina la Jicho kwa sababu angeweza kutazama picha ya setilaiti akakuonyesha mti uliokatwa jana. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za dunia inavyobadilika: misitu inayorudi nyuma, barafu inayoyeyuka, mito inayokonda. Tangu aajiriwe alikuwa hajachora kitu ila kinachopungua. Hili ziwa lilikuwa linaongezeka. Kila picha mpya ilipoingia, lilikuwa limenenepa, tena katika bonde ambalo mvua ililisahau tangu mwaka juzi.

"Bonde hili si la kwenu?" mkurugenzi aliuliza, kainama juu ya bega lake.

"Ni la kwetu. Mama anakaa kwenye kilima hiki hapa."

"Basi muulize. Mbona unaogopa kama unampigia hakimu?"

Jicho alikuwa hajakanyaga kwao miaka mitatu, na kila simu ilianzia hapo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakuja lini?"

"Kazi, mama. Hebu nisikilize. Hapo bondeni kuna maji?"

Kwa mbali wanawake walikuwa wakicheka, na cherehani ilikuwa inakimbia.

"Miguu yangu hii itanifikisha bondeni? Nyinyi si ndio mnaoiona dunia nzima? Haya, niache, nashona."

"Unashona nini?"

"Vya kutandika," mama alisema, akakata.

Kilichomsumbua Jicho zaidi ni joto. Maji mchana huwa ya baridi kuliko mawe yanayoyazunguka. Ziwa hili, kwa vipimo vya setilaiti, lilikuwa la moto kuliko mawe.

"Hii si tabia ya maji," alimwambia mkurugenzi.

"Ni tabia ya maji moto."

"Na pembe je?"

"Miamba ya chini kwa chini."

Ndivyo mkurugenzi alivyokuwa. Swali likimshinda, alilipa jina la kisayansi, nalo likanyamaza.

"Andika ripoti," alisema. "Utie sahihi yako."

"Tukikosea?"

"Tukikosea, umekosea. Tukipatia, tumepatia."

Ripoti ikaenda, ikafika mbali kuliko walivyodhani. Dunia ilikuwa imechoka kusikia habari za kukauka, na sasa palikuwa na ziwa linalokua bila mvua, bila mto, bila aibu. Kwenye mkutano mkubwa wa tabianchi, profesa wa maziwa alilisifu jukwaani mpaka akatoa leso. Kisha akataka jambo moja tu: lipimwe kina.

Wakafunga safari. Mkurugenzi alikaa mbele, profesa nyuma pamoja na Jicho, na gari la pili likabeba wazamiaji wawili na mashua ya mpira iliyofungwa juu kwa kamba. Njia nzima ilikuwa vumbi tupu. Mbuzi waliikodolea macho mashua ile mpaka ikapotea. Jicho aliisoma ripoti tena na tena, maana sahihi ilikuwa yake, na pembe zile alizihesabu mwenyewe.

Walipofika ukingoni, ziwa lilikuwepo. Buluu tupu, limetulia, linameremeta mpaka macho yanauma. Profesa alikuwa ameshavaa jaketi la kuokolea maisha. Mzamiaji wa kwanza, kijana mwenye pupa, hakungoja kuambiwa; alikimbia, akajitosa kichwa mbele.

Pu! Kama gunia la viazi lililoangushwa sakafuni.

Akabaki pale juu ya ziwa, kifudifudi, anaguna.

Kisha upepo ukavuma, na ziwa likainuka pembe moja, likapepea, likajipiga chini kwa kishindo. Ng'ambo ya pili wanawake kumi na kitu walitoka mbio, wameshika mawe, wanapiga kelele: "Likamateni! Likamateni, linaondoka!"

Yalikuwa maturubai. Maturubai ya buluu, yameshonwa moja kwa jingine, bonde zima.

Katikati ya wanawake wale alitokea mama yake Jicho, anatembea juu ya ziwa pole pole kwa miguu yake mibovu. Akafika, akamtazama binti yake juu hadi chini.

"Umekonda," alisema.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilipiga simu, ukasema una kazi. Nilisema miguu inauma, ukanitumia dawa. Nikajiuliza, hivi mwanangu anatazama wapi? Kumbe anatazama kutoka juu. Basi, nikamwita huko huko juu."

Jicho alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kikamtoka, kikageuka kilio katikati ya njia, akamkumbatia mama yake na vumbi lake lote.

Mkurugenzi alikuwa amegeuka rangi. "Mama! Dunia nzima imeliandika ziwa hili! Hivi kuna mzazi mwenye akili zake anayeweza kufanya kitu kama hiki?"

Mama alimwangalia kama mtu anayempimia kitambaa.

"Kumbe wewe ndiye mkubwa wake. Pua ile ile! Mama yako hajambo? Tulijuana hospitali, kwenye foleni ya wagonjwa wa miguu. Fikra hii ni yake, baba."

Mkurugenzi aliishika pua yake.

"Mama yangu naye... ana ziwa?"

"Ziwa la nini? Alisema wewe una kichwa kigumu, kwa ziwa tu huji. Yeye anaandaa volkano."