Chumba cha Kinamasi

Sheria ya bonde ilitaka kila nyumba ikirudishie kinamasi chumba kimoja, na Sikudhani alitoa sebule shingo upande. Yeye na mumewe wakavunja sakafu, wakapanda matete, vyura wakahamia. Kila alipopita humo kwenda jikoni alipiga hodi, kama sheria ilivyoagiza, akijiona mwehu.

Masika yalipofika, mafuriko yaliingia sebuleni, yakatulia kwenye matete, yakazama ardhini taratibu. Kwa mara ya kwanza magodoro hayakupandishwa darini.

Asubuhi alikuta tete changa limechomoza chumbani, karibu na kitanda.

"Halikupiga hodi," alimlalamikia mumewe, Kibwana.

"Kwani sisi tulipojenga hapa tulipiga hodi?"

Sikudhani aliinama, akakamata mguu wa kitanda. "Shika huko," alisema. "Tukisogeze."