Kofi la Sokoni

Mwalimu mstaafu Kitunzi alisimama katikati ya soko akasema wazi kwamba dini ya akina Bi Tabu inafundisha watu ukatili. Bi Tabu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka kusali, alimwendea akamzaba kofi. Miwani ya mzee ikaruka. Waumini wenzake Bi Tabu wakashangilia.

"Umetutetea, mama!"

Mwalimu hakumrudishia. Alipiga magoti akapapasa vumbini, akiuliza kwa upole, "Jamani, nani anaiona miwani yangu?"

Ilikuwa miguuni pa Bi Tabu, kioo kimoja kimepasuka. Aibu ikamshika. Akapiga magoti mbele ya wenzake, na shangwe zikakatika. Akamwekea mzee miwani kiganjani.

"Asante, mwanangu," alisema mwalimu, akiyakaza macho yasiyoona vizuri. "Wewe ni nani?"

Vidole vya Bi Tabu vilikuwa bado vimeishika miwani; hakuiachia, mzee asije akaivaa akamtambua.