Kata ya Mgeni

Fisi alijenga kiwanda cha ngozi kando ya mto, na uchafu wake wote akaumwaga mtoni. Samaki walipoanza kufa, Mamlaka ya Mazingira ya nchi ya wanyama ilimtuma mkaguzi wake, Kobe.

Fisi akacheka. "Huyo? Atafika mto umeshakauka!"

Lakini Kobe akafika, vumbi tele mgongoni. Fisi akabadili sauti, akamwandalia pilau.

"Maji yanayotoka kwangu ni safi, mheshimiwa. Wanaosema vingine wana wivu tu."

"Vizuri," akasema Kobe. "Nikingie hayo hayo, nina kiu."

Wanyama wote walikuwa wakitazama. Fisi akakinga kata moja kwenye bomba la kiwanda, akampa. Kobe akamrudishia.

"Umesahau mila, bwana? Mwenyeji huonja kwanza, kutoa sumu, ndipo mgeni anywe."

Fisi akaiweka kata chini. "Mimi... sina kiu," akanong'ona.

"Basi tumekubaliana kuwa sumu imo," akasema Kobe. "Nakifunga kiwanda mpaka uitoe."

Fisi akaitoa, apende asipende. Na Kobe kila apitapo huko huinama mtoni akanywa, wala hamwombi mwenyeji aonje.