Mayai Mezani kwa Shemeji

Soksi zilikuwa zimeanikwa tena juu ya kompyuta, pale inapotoka hewa ya moto. Mwenye soksi alikuwa peku mezani pake, anamenya yai la kuchemsha kwa ncha ya kitambulisho cha kazi.

"Shemeji, karibu," alisema, mdomo umejaa.

"Ahsante, nimeshiba," alijibu mhandisi, akageuza uso. Alichoshiba ni kinyaa.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa mhandisi, na ndiye aliyemtafutia kazi hapa alipobaki peke yake na watoto. Hilo hakulisahau. Lakini jamani, shukrani nayo ina mipaka! Zamani Shemeji alikuwa akila mgahawani na wenzake kama mtu mwenye akili zake. Tangu mhandisi aanze kujaribu huduma yake mpya, bwana mkubwa habanduki kitini. Anakula hapo, anacheua hapo, anachokonoa meno hapo. Na kila kompyuta yake ikilia ting, anaacha hata yai katikati na kuanza kubonyezabonyeza. Michezo, mhandisi aliwaza. Mtu mzima na ndevu zake!

Kazi ya Shemeji ilikuwa kutengeneza seva, zile kompyuta za mtandaoni zinazoendesha mifumo ya kila idara. Idara ikihitaji seva, ilituma ombi, likamfikia kwenye kompyuta yake, naye akaitengeneza kwa mkono, amri moja moja kwenye kibodi, tena akishamaliza chai. Mhandisi aliajiriwa kukomesha mambo hayo. Alikuwa akiandaa huduma kwenye katalogi ya kampuni, yaani orodha ya huduma za mtandaoni: mtu anafungua ukurasa, anachagua ukubwa wa seva, anabonyeza "Omba", na mfumo unaitengeneza wenyewe. Hakuanza na ukurasa mtupu; nani anaanza na ukurasa mtupu siku hizi? Aliinakili ile huduma ya zamani iliyokuwa ikimpelekea Shemeji maombi, akabadilisha jina, picha na maswali, akaunganisha mfumo mpya, akasonga mbele.

Mkuu wa idara aliwaita wote wawili mapema mwezi huo. Aliongea huku akijichokonoa sikio kwa kidole na kukitazama alichokipata.

"Mwisho wa mwezi nabaki na mmoja wenu. Huduma ikifanya kazi, huyu wa mayai anaondoka. Isipofanya kazi, mama, unaondoka wewe. Undugu wenu mimi haunihusu."

Halafu akacheka! Mhandisi aliangalia pembeni. Aliwafikiria watoto, shule, nyumba ya kupanga. Akamtazama Shemeji, ambaye hana mke wala mtoto, akitegemea angalau ang'ake. Shemeji alijikuna tumbo tu.

"Basi shemeji, kaza buti," alisema.

Hata haya hana, mhandisi aliwaza.

Akakaza. Kila jaribio aliliombea lile neno la kijani, "Imekamilika", na kila mara likaja. Siku moja tu lilichelewa. Alibonyeza, akangoja, akangoja. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Mara mlango wa choo ukabamizwa, na huyo Shemeji anakuja mbio, mkanda unaning'inia, mikono mikavu kabisa. Hakunawa! Akajitupa kitini na kushika kibodi vilevile. Mhandisi alifumba macho asione. Akakaa hivyo kwa muda, akisikia tu vidole vya Shemeji vikigonga kibodi. Alipofumbua, kijani hicho hapo.

"Imekubali?" Shemeji aliuliza.

"Imekubali. Na ukanawe mikono!"

"Nitanawa, shemeji. Baadaye."

Siku ya kuionyesha huduma, Mkuu alikuja na mameneja wake, akabonyeza "Omba" kwa kidole kilekile cha sikioni. Wote wakaikodolea macho skrini. Shemeji peke yake ndiye aliyewapa mgongo, akibonyeza vitu vyake kwa kasi.

"Amenuna," Mkuu alisema.

Mameneja wakaangua kicheko, walewale waliokuwa wakimwita "kaka, kaka" walipotaka seva. Ptuu! Mhandisi angekuwa na ubavu angewatimua wote. Kijani kikatokea. Wakapiga makofi, naye akatabasamu, akajichukia kwa kutabasamu.

Jioni hiyo Shemeji alivaa soksi zake, akampa mhandisi mkono wa kwaheri. Ulikuwa unanata.

"Nisalimie watoto wa kaka. Na ukikwama nipigie, nitakuwa nyumbani tu."

"Nikwame na nini tena?" alijibu mhandisi, akajifuta kiganja kwenye sketi. Aliona aibu baadaye, Shemeji alipokuwa ameshateremka ngazi.

Kesho yake asubuhi mhandisi alikuja na sabuni na kitambaa. Huduma ilikuwa imefunguliwa kwa kampuni nzima, na Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni, anangoja kuona. Meneja wa ghala alikuwa wa kwanza kupiga simu.

"Mama, nimebonyeza 'Omba'. Sasa nifanye nini?"

"Usifanye chochote. Itakuja yenyewe."

Alikata simu, akaenda kwenye meza ya Shemeji. Lo, uchafu gani huu! Maganda ya mayai, mabaki ya chumvi, kikombe kilichoota ukungu. Kompyuta yenyewe hakuna aliyekumbuka kuizima. Alianza kukusanya maganda kwa vidole viwili.

Ting, kompyuta ikalia.

"Mbona seva ya meneja haitoki?" Mkuu aliuliza kutoka mlangoni.

Ting.

Mhandisi aliinama, maganda mkononi, kuona ni mchezo gani huo usiojua kwamba mwenyewe ameshaondoka.

"Ombi jipya kutoka ghala," iliandikwa kwenye skrini. "Tafadhali tengeneza seva hii kwa mkono."