Bata Sita

"Umetaja bata mara sita. Bata anahusika vipi na kazi hii?"

Idman aliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa imetoka sasa hivi kwenye kompyuta ya ofisi ya ajira, chuoni Garissa. Akili bandia, ndivyo walivyoiita. Unajifungia nayo kwenye chumba kidogo, mnaongea kama mko kwenye mahojiano ya kazi, mkimaliza inakutolea makosa yako.

"Mimi nimetaja bata saa ngapi?"

Kijana aliyekuwa benchini akingoja zamu yake alinyoosha shingo, akasoma, akacheka mpaka tai yake ikapinda. "Kwani ulisemaje?"

"Nilisema kubata kazi."

"Kupata."

"Si ndiyo hiyo? Kubata."

Aliitwa Hamze. Alikuwa na shahada ya mifugo na miaka miwili ya kukaa nyumbani. Akamshikia Idman karatasi mbele ya mdomo. "Sema pe. Karatasi ikitikisika, umeweza, abaayo, dada yangu. Isipotikisika, huyo ni bata."

Wakakaa pale wawili wakiipulizia karatasi, hadi Madam Nkirote, ofisa wa ajira, akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna moto.

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kusimamia mtambo wa kupoza maziwa ya ngamia kule Bura. Mtambo ulikuwa umelala tangu Ramadhani, na maziwa yalikuwa yakiharibika kwenye mitungi. Akina mama kumi na wawili walimchangia Idman nauli. "Wewe ndiye umesoma," walimwambia. "Usirudi mikono mitupu."

Kusoma kwenyewe kuliishia darasa la nane. Ndiyo maana aliiogopa Jumatatu, siku ya mahojiano yenyewe: kukaa meza moja na watu wa shahada, akosee neno, wamcheke.

"Mambo ya Jumatatu usimwambie mtu," Madam Nkirote alikuwa amemuonya. "Wewe fanya mazoezi tu. Ukifaulu wewe, chuo kimefaulu."

Basi alinyamaza, akafanya mazoezi. Siku ya pili karatasi ilimwambia: "Dakika nne zimepita na bado unasalimia."

"Sasa nitaanzaje kuongea na mtu sijamuuliza habari ya nyumbani, ya ngamia, ya mvua?" alilalamika.

Hamze akaichukua. "Umesema inshallah mara tisa. Eti, huna uhakika?"

"Uhakika ni wa Mungu. Hiyo mashine haijui?"

"Na hapa, wallahi, inakukataza kuulizia ukoo!"

"Nilitaka kujua naongea na mtoto wa nani."

"Mashine? Ukoo wake ni stima, abaayo!"

Lakini Hamze naye alitoka chumbani uso umemshuka. Karatasi yake ilisema: "Umesema 'mimi' mara thelathini na moja."

"Nani ataajiri Hamze thelathini na mmoja?" Idman akamuuliza. "Mshahara utatoka wapi?"

Hamze alicheka, akarudi ndani. Akatoka na kumi na moja. Kesho yake, nne.

Ijumaa, Idman hakutaja bata hata mmoja. Salamu zilichukua nusu dakika. Hamze alifurahi kuliko mwenyewe, akapiga makofi mpaka watu wa maktaba wakalalamika.

"Wewe shahada yako ni ya nini?" akamuuliza.

"Sina. Mimi ni darasa la nane."

"Nafasi ni moja, najua. Lakini usiwaogope hao watu wa Jumatatu. Kuna wenye shahada ya mifugo na hawajawahi kukamua ngamia."

"Kama wewe?"

"Kama mimi," Hamze alikiri. "Ila hilo usiwaambie."

Idman alimtazama. Wiki nzima kijana huyu alikuwa akimfundisha mtu ambaye, kwa fikira zake, wanagombania naye chakula kimoja.

Jumatatu asubuhi vijana watano, Hamze akiwemo, walikaa barazani, faili mapajani. Idman alifika amevaa baibui mpya. Kabla hajatafuta kiti, Madam Nkirote akamwita.

"Wanaanza na wewe!" Hamze alinong'ona. "Allah akufanyie wepesi, abaayo. Ongea polepole."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, viti vitatu upande mmoja, kimoja upande wa pili. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa ameshaketi. Idman alivuta pumzi, akakipita kile kiti cha peke yake, akazunguka meza, akaketi katikati ya vile vitatu.

"Haya, Madam," Idman, mwenyekiti wa chama cha maziwa cha akina mama wa Bura, akasema. "Tuanze na Hamze."